Nimerudi Mombasa, bado naamka kutazama maji

Juzi alfajiri mjomba alinikuta nimeinamia kisima cha uani, tochi mkononi. "Umeangusha nini, mjomba?" Sikuangusha kitu. Nilikuwa natazama maji yamefika wapi.

Niliondoka 2009, Mji wa Kale haujapakwa nyeupe na buluu, reli ya kisasa haijafika Miritini. Nilikokwenda ni Illinois, Marekani, pale mto Ohio unapoingia Mississippi, kwenye mji mdogo uitwao Cairo. Wenyewe hutamka Kero. Jamaa hapa barazani wamecheka mpaka kahawa ikawapalia, na wana haki.

Kero imezungukwa na tuta na kuta za zege. Uko katikati ya mito miwili na ukiwa mtaani huoni hata tone. Kujaa kwa mto unakujua kwa namba za kipimo, na kwa ua wako. Maji ya nje yakizidi uzito hupenya chini ya tuta, yakaibuka kwenye nyasi yakibubujika na mchanga. Hayo hayazibwi. Unapanga magunia ya mchanga duara, kama mdomo wa kisima, unayaacha yapande humo mpaka uzito wake wenyewe uyatulize. Yakitoka safi, nenda kalale. Yakitoka na tope, tuta linaliwa chini kwa chini.

Mei 2011 kipimo kilipita futi 61, na kinga ya mji mwisho wake 64. Tulikuwa tumeshaamriwa kuhama. Usiku wa tarehe 2 wahandisi wa jeshi wakalipua tuta la ng'ambo, Birds Point, upande wa Missouri, mto upate pa kumwagikia: ekari kama 130,000, karibu yote mashamba, na ndani yake kijiji cha Pinhook, cha wakulima weusi. Sisi tukapona. Niliporudi nilikuta sufuria yangu ya maharage iko pale pale jikoni, imeota ukungu. Pinhook haikubaki nyumba ya kurudia. Mpaka leo nikisema alhamdulillahi kwa nyumba ile, ulimi huwa mzito.

Mjomba alisikiliza yote, kikombe kikampoa mkononi.

"Walikubali, hao wa ng'ambo?"

"Jimbo lao lilikwenda mahakamani. Likashindwa."

Akanyamaza. Kisha akachukua tochi, akamulika kisimani. Maji yale ni ya chumvichumvi, twaoshea ukumbi tu, na hupanda na kushuka na bahari kwa sababu chini yetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu kama mkate wa kumimina.

"Mwezi leo kumi na nne," akasema. "Bamvua. Yamefika jiwe jeusi, hayapiti hapo. Saa nne yatakuwa yameshuka. Nenda kalale."

Sikulala. Saa nne nilichungulia: jiwe lilikuwa juu, linachuruzika.