Leseni ya udalali niliipata mwenyewe, baada ya kuliwa laki mbili

Nimepiga udalali hapa Dodoma tangu 2019, kipindi kile watumishi wanahamia kila mtu anatafuta chumba cha self Area C au Ilazo, na sijawahi kuulizwa karatasi hata siku moja. Ofisi yangu ilikuwa simu na jiwe la kukalia pale Nkuhungu. Mwaka jana nikapata mteja kampuni, wanataka nyumba nzima Iyumbu wakae wafanyakazi wao, nyumba wameipenda, kodi ya miezi sita ipo mkononi, dada wa uhasibu ananiambia "Kaka naomba TIN na leseni ya biashara tukulipe kamisheni yako." Nikacheka. Yeye hakucheka. Hela ikaenda kwa dalali mwingine naiona hivi hivi.

Hapo ndo washauri wakajaa. Mmoja akanitisha eti bila digrii ya Chuo Kikuu Ardhi na kusajiliwa bodi ya wathamini nitafungwa, nikakaa wiki mbili napokea simu za wateja kwa kunong'ona kama nauza bangi. Kumbe ile sheria ya uthamini ya 2016 inawahusu wanaothamini mali na kusaini ripoti, mambo ya benki na fidia huko, mimi naonyesha nyumba tu. (Ila dalali mwenzangu acha kuwaandikia watu "thamani ya kiwanja" kwenye karatasi, hiyo sio kazi yetu.) Mwingine akasema ana mtu wake, nitoe laki mbili kila kitu kinatoka siku tatu. Nikatoa. Siku ya nne hapatikani, na mimi ndo yule ninayewahubiria wateja wasitoe hela kabla ya kuona nyumba.

Nikaingia mwenyewe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, haikunisumbua, makadirio ya kodi unalipa kwa awamu. Jina la biashara ni BRELA, wale wa kusajili biashara, mtandaoni, kwa namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, na hapo ndo nilikiona. Mfumo unakuuliza maswali kuhakikisha ni wewe, nikaulizwa jina la mama. La mama yangu mwenyewe! Nikajaza, limekataa. Nikabadilisha herufi, limekataa. Kijana wa steshenari ananiangalia kwa jicho la "huyu katoa wapi kitambulisho." Nikampigia mama, yupo Hombolo kwenye zabibu zake na mtandao wa kuokoteza, akacheka mpaka akakohoa: "We si uliniachia fomu ukaenda kula mihogo? Nilijaza mimi, nikaandika jina langu la Kigogo." Nikalijaza lile la Kigogo, likapita. Kwa hiyo kabla hujaenda steshenari kaa na aliyekuwepo siku unajaza fomu.

Kazi ikabaki mkataba wa pango wa kuombea leseni, maana jiwe halina mkataba. Nikapata nusu ya fremu ya dada mmoja wa saluni. Sasa kuna ushuru wa stempu asilimia 1, huo sawa, ila kuna na kodi ya zuio asilimia 10 ambayo mpangaji wa biashara unaikata kwenye pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, mwenye fremu aliposikia akataka kunirudishia hela nitoke. Mimi nimepatanisha wapangaji na wenye nyumba miaka yote hiyo, nikakaa naye kwenye kahawa tangu alasiri mpaka magharibi, namwonyesha kwamba ni kodi yake mwenyewe ila inapitia mkononi kwangu. Akasaini huku amenuna.

Baada ya hapo Tausi, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea leseni halmashauri, unapandisha nyaraka, namba ya malipo inakuja, unalipa kwa simu, basi. Ukiacha pango na makadirio, jumla ilizidi kidogo tu ile laki mbili niliyopigwa.

Aliyenipiga nilimkuta Sabasaba juzi, anaulizia leseni inapatikanaje. Nikamwambia anirudishie yangu kwanza, kapanda bodaboda bila hata kuuliza bei. Mimi yangu inaisha mwezi wa tatu, leseni ni ya mwaka mmoja, na mwenye fremu ameshaanza habari za kupandisha pango.