Maji ya paa yaliniulia dafnia

Wiki tatu mfululizo dafnia wangu, wanyama wadogo wa majini jamii ya kamba, walikufa kwenye glasi ambazo sikutia sumu yoyote. Anayepima sumu ya metali anajua balaa hilo: glasi za ulinganisho zikipoteza zaidi ya mmoja kati ya kumi, kipimo kizima hakihesabiki. Nilikuwa natafuta kiasi cha mrututu, ile salfeti ya shaba, kinachowafanya nusu yao washindwe kuogelea ndani ya saa 48. Nilifuga wa hapahapa Ziwa Victoria, Daphnia lumholtzi, wenye pembe kichwani na mwiba mrefu mkiani.

Kila niliyemuuliza alinijibu lilelile: maji ya bomba yana klorini, kinga ya mvua, hakuna maji safi kuliko hayo. Nikakinga ndoo mbili chini ya mfereji wa paa. Kesho yake asubuhi vitoto vyote vilikuwa vimelala chini ya glasi. Kwenye lenzi niliona moyo wa mmoja ukidunda taratibu mgongoni, mkono wa kuogelea ukitikisika mara moja, basi.

Nikalaumu hamira niliyowalishia mama zao. Nikalaumu joto. Pipeti nayo ilikuwa na lake: ukimdondoshea dafnia kutoka juu, hewa inaingia ndani ya gamba na anabaki akielea. Ncha lazima izame majini kwanza. Nilirekebisha, wakafa tena.

Mvua ya usiku ndiyo iliyonizindua. Nilikuwa namsikiliza jirani akisifia bati lake jipya linavyong'aa, nikakumbuka kinachong'aa pale ni zinki, metali ambayo mvua huweza kuiosha hadi kwenye ndoo zangu.

Nikaomba EDTA kidogo maabara ya kemia, inayotumika kupimia ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyomo. EDTA hukamata metali isiweze kumwingia mnyama. Nikapanga glasi nne, kila moja vitoto kumi: maji ya paa matupu, maji ya paa na EDTA, mvua niliyokinga kwa beseni la plastiki uwanjani, na mvua hiyohiyo na EDTA. Chembe ndogo tu, maana ikizidi inawanyang'anya kalsiamu na kuwaua yenyewe. Sikulala vizuri. Asubuhi glasi ya kwanza wote chini. Ya pili, maji yaleyale ya paa, wote kumi wanarukaruka! Za beseni nazo wazima. Nilipiga kelele peke yangu mle chumbani.

Mvua tupu sikuendelea nayo hata ya beseni. Haina kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayogombea na metali mlango wa kuingilia kwenye matamvua. Sasa naongeza chumvi za kalsiamu na magnesiamu na magadi ya kupikia. Kuzinunua zote hakukufika shilingi elfu ishirini. Maji ya ziwa yana mabaki ya mimea yanayoshika shaba, hivyo kiasi kilekile cha mrututu humo kinaua wachache. Mtu akikutajia kiasi cha shaba kinachoua bila kutaja ugumu wa maji, hajakwambia kitu.

Haya yananigusa sana kwa sababu dagaa hula viumbe hawahawa, na dagaa ndio mboga yetu.

Jumamosi saa nne usiku, saa 48 zilipotimia, nilihesabu glasi za ulinganisho mara mbili. Ishirini kati ya ishirini wanaogelea.