Kitochi nimekistaafisha: nilivyochagua simu janja na bando nikiwa na miaka 67

Kilichonisukuma ni shingo ya gauni. Mteja wangu wa miaka mingi alinipigia akaniambia, "Mama, kuna mshono nimeupenda, nakutumia picha WhatsApp." Nikamjibu sina. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza shingo hiyo kwa mdomo: imepinda hivi, ikaja vile, halafu pembeni ina kama jani. Nikashona nilichokisikia. Siku ya kuchukua alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akanishukuru kwa adabu ile ambayo fundi yeyote anaijua maana yake.

Nimekaa kwenye cherehani zaidi ya miaka 40. Simu yangu ilikuwa kitochi, chaji inakaa siku nne, na ikianguka unaokota vipande vitatu unavirudisha mahali pake. Sikuwa na ugomvi nayo. Lakini kazi ilishaanza kunipita kwa sababu ya picha, na binti yangu anayeishi mbali alikuwa kila tukiongea ananiambia, "Mama, natamani nikuone tu."

Mwanangu wa kwanza aliposikia nataka simu janja aliniletea yake ya zamani. "Anzia hii, Mama, ukizoea ndiyo ununue." Wazo si baya, ila simu yenyewe ilikuwa imechoka. Mfumo wake ulikuwa Android 4.4, uliotoka mwaka 2013, na WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za mfumo huo mwanzoni mwa mwaka 2025. Kwa hiyo kazi hasa niliyoitakia simu haiwezi. Na betri ilishavimba, kifuniko cha nyuma kimesimama kama kola iliyotiwa wanga. Betri ya namna hiyo haichajiwi, inaweza kushika moto. Nikamshukuru, nikairudisha. Wazee wengi tunaanza na simu za kurithi, tunahangaika nazo, halafu tunasema simu janja ni ngumu. Saa nyingine mgonjwa ni simu.

Kabla sijaenda dukani nilichukua daftari langu la vipimo, nikaandika simu itanifanyia nini. Yalitoka mambo matatu: kuona picha za mishono na kuzikuza, kuongea na binti yangu kwa video, na kutuma ujumbe wa sauti, maana kuandika kwenye kioo nilijua kutanishinda mwanzoni. Basi. Kupiga picha nzuri hakumo, michezo haimo, muziki ninao kwenye redio. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu muuzaji alianza na kamera.

"Mama, hii ina kamera nne."

"Nne za nini?"

Akacheka, akasema moja ya mbali, moja ya karibu, moja ya kufifisha nyuma. Nikamwuliza kila moja ina megapikseli ngapi, yaani wingi wa nukta zinazounda picha. (Swali nilifundishwa na mjukuu wangu, sitajisifu.) Mbili kati ya hizo zilikuwa za megapikseli 2 tu. Ni kama vifungo vya urembo, vimeshonwa lakini havifungi kitu. Nikafungua daftari nikamwonyesha mambo yangu matatu, nikamwambia tuanzie hapo. Kwa kweli alibadilika, akaanza kunitafutia.

Sasa nifike kwenye vidole, maana hili sikuwahi kuambiwa na mtu. Alinipa simu ya kwanza nijaribu. Nikagusa, kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kimya. Kijana akagusa palepale kwa kidole chake, ikafunguka. Nikajaribu tena, haioni kama nipo. Nilisikia aibu, watu wamesimama nyuma yangu, nikasema moyoni hii mitambo imetengenezwa kwa ajili ya watoto.

Kumbe kioo cha simu hizi hakisikii nguvu ya kidole. Kinasikia umeme mdogo sana unaopita kwenye ngozi, ndiyo maana ukigusa kwa ukucha au kwa kalamu ya kawaida hakijibu. Kidole changu cha shahada na kidole gumba vya mkono wa kulia vimeota sugu kwa kushika sindano miaka yote hiyo, na ngozi ya uzeeni nayo ni kavu. Kwa kioo kile, ncha ya kidole changu na kipande cha mbao ni karibu sawa. Nikajaribu kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu pete. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikafungua mara moja. Na hata kile cha shahada, nikikilaza nikagusa kwa nyama yake badala ya ncha, kinakubaliwa mara nyingi. Nyumbani nikagundua kwamba nikipaka mafuta ya mikono na kuyaacha yaingie vizuri, mambo yanazidi kuwa mepesi.

Tatizo la pili lilikuwa kinyume chake: nikikubaliwa, nakawia kuinua kidole, simu inadhani nimeshikilia, inaniletea vidirisha vya kufuta na kuhamisha. Hili lina dawa yake. Kwenye Mipangilio, sehemu ya kuwasaidia wenye shida ya kuona, kusikia au kugusa, unaweza kuurefusha muda ambao simu inasubiri kabla ya kuamua kwamba umeshikilia. Niliweka muda mrefu kuliko wote. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa umri wangu: usinunuliwe simu usipokuwepo. Nenda na vidole vyako.

Tulijaribu simu nne. Kila moja nilimwomba aongeze ukubwa wa maandishi mpaka mwisho, nione kama maneno yanakatika pembeni ya kioo, na moja ilikataliwa kwa hilo tu. Halafu nikazitoa mlangoni, juani. Ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Juani mbili zikawa nyeusi kabisa, nikajiona uso wangu. Uzito pia nilipima, kwa mkono tu, maana kitochi changu hakikufika gramu 100 na hizi zinakaribia 200. Ukiishika sikioni dakika kumi, bega linakwambia.

Mambo ya namba niliyapitia haraka. Nafasi ya kuhifadhi: kulikuwa na ya GB 32, ya bei nafuu, lakini tulipoangalia kwenye Mipangilio, GB 14 zilishaliwa na mfumo na programu zilizokuja nayo kabla sijaweka picha hata moja. Nikachukua ya GB 64 yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Betri ya mAh 5,000, ndicho kipimo cha chaji inayobeba. Na iwe ya 4G, hili nilisisitiza, kwa kuwa nchi nyingi mitambo ya 3G inazimwa. Ya 5G sikuihitaji kwa mambo yangu matatu.

Tukaingia kwenye akaunti ya Google, bila hiyo hupakui programu. Kijana akasema, "Nakufungulia chapchap, Mama." Nikamwambia hapana, taratibu, na nywila naiandika mimi. Rafiki yangu alifunguliwa chapchap namna hiyo, nywila akabaki nayo muuzaji kichwani, naye akaisahau. Siku simu ilipogoma ikafutwa yote ili ianze upya, ikamwuliza akaunti ya mwanzo na nywila yake. Hana. Simu nzima, kioo kizima, haifunguki. Ulinzi huo umewekwa kwa ajili ya wezi, lakini unamkamata na mwenye mali. Nywila yangu iko kwenye daftari, ukurasa wa vipimo vya mteja ambaye hayupo.

Laini nayo ilitaka kutuchelewesha. Ya kitochi ilikuwa ile kubwa ya milimita 25 kwa 15, na tundu la simu mpya linataka nano, milimita 12.3 kwa 8.8. Mtu mmoja pale dukani akachomoa mkasi. Mkasi! Mbele yangu! Ndogo ile ni nyembamba pia, si fupi tu, na ukikosea umeua laini. Nikaenda kwa kampuni ya simu wakanibadilishia, namba ikabaki ileile. Majina ya watu nilishayanakili kwenye daftari jana yake, yote 83, kwa kuwa mengi yalikuwa kwenye kumbukumbu ya kitochi na si kwenye laini.

Bando ndilo lililonifundisha zaidi, maana hapo nilikosea.

Nilinunua kifurushi cha GB moja cha siku 30. GB moja ni MB 1,024, nikaona ni nyingi, nitatumia mwezi mzima. Siku ya tatu asubuhi nikapata ujumbe kwamba kimekwisha. Sikuuelewa vizuri, nikaendelea kutazama tazama, na mchana vocha niliyoiweka ya kupigia ikawa nayo imeyeyuka. Kumbe kwenye laini yangu, bando likiisha, data inaendelea kukatwa kwenye salio la kawaida, tena kwa bei ya juu. Hakuna aliyenitajia hilo wakati wa kununua.

Mjukuu wangu alipokuja tukafungua Mipangilio, sehemu inayoonyesha data imeliwa na programu ipi. Niliyoyaona yalinichekesha na kunikasirisha. WhatsApp, MB 410. Play Store, lile duka la kupakulia programu, MB 280. Facebook, MB 265. Na mimi nilikuwa nimeangalia picha tatu za magauni!

"Bibi, kundi la familia lina video nyingi."

"Sijafungua hata moja."

Akakohoa. Siku ya kuniandalia simu aliruhusu kila kitu kijipakue chenyewe, picha, sauti, video, "ili usisumbuke." Video za kutakiana asubuhi njema zilikuwa zinaingia na kujihifadhi mimi nimelala. Halafu aligusa kusasisha programu zote kwa pamoja, kwa data ya laini. Na Facebook, video zinacheza zenyewe ukipita tu, hata usipozigusa. Tukayazima yote. WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, tukaondoa alama zote zilizo chini ya data ya simu. Sasa video inakuja imefunikwa ukungu, nikiitaka naigusa, na chini yake imeandikwa ina MB ngapi, kwa hiyo naijua bei kabla ya kununua. Tukawasha kiokoa data. Tukaweka pia kikomo, kwamba data ikifika kiwango nilichotaja simu ijifunge yenyewe, isiende kugusa vocha.

Baada ya hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, yaani kupima kabla ya kukata. Nilinunua kifurushi kidogo cha wiki moja, na kila jioni nikaandika daftarini. Kuongea kwa sauti WhatsApp dakika kumi kulikula kama MB 4. Kwa video, dakika kumi, karibu MB 50. Picha ya gauni haifiki hata nusu MB. Wiki ilipoisha jumla ilikuwa MB 480. Ukigawa kwa siku saba, ukazidisha kwa 30, unapata MB 2,057. Nikaongeza upindo, maana nguo isiyo na upindo haina pa kutanulia, nikanunua GB 3 za siku 30. Muuzaji wa vocha alinishawishi GB 10, kwamba ukigawa bei kwa GB ni nafuu zaidi. Ni kweli ni nafuu, kama utazimaliza. Kitambaa cha bei ya jumla nacho ni nafuu, na ninacho kabatini tangu watoto wangu wakiwa shule.

Kabla ya hapo nilijaribu kifurushi cha WhatsApp peke yake, kilionekana cha bei nzuri mno. Kilikuwa cha ujumbe na picha. Nikapiga simu ya video, ikala vocha. Someni masharti yale madogo, na kama hamuyaoni, kuzeni kwa vidole viwili, simu si mnayo?

Yule mteja wa shingo ya gauni sasa ananitumia picha hata tano kwa mshono mmoja, mpaka namwambia inatosha. Namrudishia ujumbe wa sauti. Kuandika bado najikokota. Juzi nilitaka kumwandikia "njoo ujaribu", simu ikasahihisha kwa akili yake, na sijui ilimpelekea nini, alinipigia anacheka.

Usiku wa siku ya 30 niliangalia nikakuta nimebakiwa na MB 340, na saa sita usiku zinafutwa, zimetumika hazijatumika. Saa tano kasoro dakika chache nikampigia binti yangu kwa video. Akapokea ameshtuka, nywele ziko ovyo.

"Mama, kuna nini usiku huu?"

"Hakuna kitu. Namalizia kitambaa."

Tuliongea dakika 51.