Nilivyoiingiza mvua ya Pemba ndani ya modeli (hesabu za kubashiri ugonjwa) ya kichocho

Watoto wa Pemba wanakijua kichocho: mkojo una damu, dawa ya praziquantel inagawiwa skuli, kesho wako mtoni tena. Swali langu lilikuwa hili: dawa imegawiwa miaka mingi na shehia (maeneo madogo ya utawala) nyingi zimetulia, mbona chache zinarudia rudia?

Nilianza na hesabu za mtafiti George Macdonald za 1965. Minyoo imo ndani ya watu, vimelea vimo ndani ya konokono, na kila upande unaulisha mwengine. Kuziandika kwenye programu ya R hakukunisumbua. Nilizipenda kwa sababu zinakumbuka kuwa mnyoo dume na jike lazima wakutane ndani ya mtu mmoja. Wakipungua sana, mayai hukatika yenyewe. Kwa wastani wa kisiwa kizima, basi, modeli ilimaliza ugonjwa upesi ajabu. Ila kichocho hakijui wastani. Mtoto mmoja hubeba minyoo tele, jirani yake hana hata mmoja.

Nikagawa hesabu kwa shehia, kisha kwa bwawa moja moja. Hapo takwimu za mvua hazikutosha: zinaonesha maji yameingia lini, hazioneshi yanakaa muda gani. Nikaenda kuwauliza wanaofua nguo. Bibi mmoja alinambia, "Mwanangu, hili Januari limeshakauka. Lile la bondeni, tangu naolewa sijaliona kavu." Jibu hilo lilinifaa kuliko picha za satelaiti.

Konokono wetu, Bulinus globosus, hujifukia topeni maji yakikauka, na wengi hufa. Akishaambukizwa, huchukua wiki kadhaa kabla ya kumwaga vimelea majini. Bwawa linalokauka mapema halimpi nafasi. Lisilokauka linafanya kazi mwaka mzima. Nilipoingiza urefu wa muda wa maji, shehia sugu zikajitokeza zenyewe.

Kuithibitisha, nilizificha takwimu za mwaka wa mwisho nikaiachia modeli ibashiri. Tunahesabu mayai katika mililita 10 za mkojo, na 50 au zaidi ni maambukizi mazito. Mpangilio wa shehia, ipi imeathirika zaidi na ipi kidogo, ulikaribiana sana na uliopimwa. Idadi ya mayai haikukaribiana hivyo, nami sikuihangaikia, maana kazi ilihitaji kujua pa kuanzia.

Orodha ya mabwawa ya kutiwa dawa nikawapa wenzangu wanaoua konokono kabla ya vuli. Niklosamidi, dawa ya kuulia konokono, huua na samaki, kwa hiyo kila bwawa lisiloingia kwenye orodha ni ugomvi mmoja pungufu na wavuvi wa kambare.