Kamba ya Mzee: nilivyopata wenzangu wa boti za umeme Masese

Mara ya kwanza nilipoishusha boti yangu ya umeme kwenye mwalo wa Masese, hapa Jinja, Uganda, ilirudi ikivutwa kwa kamba. Mwalo mzima ulisimama kutazama.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni fundi wa injini za boti, na nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kwamba umeme nao una mbio. Nilifunga betri nne za risasi, zile za volti 12, ambazo kwenye karatasi zinabeba karibu yuniti tano, yuniti hizi hizi za umeme tunazonunua kwa mita ya kulipia kabla. Lakini betri ya risasi ukiikausha kupita nusu unaiua, na ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu zaidi. Hayo nilikuwa nayajua. Nikafungulia mota hadi mwisho. Saa moja haikufika, propela ikaanza kuzunguka kivivu. Nahodha mmoja mzee, mtu wa petroli, akanirushia kamba.

"Fundi, pasi yako imepoa."

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe kicheko kile ndicho kilicholeta watu. Jioni walikuja kuichungulia boti, wakainua vifuniko, wakauliza bei. Wiki nzima nilikuwa nimewahubiria habari za moshi na mafuta yanayoelea majini, hakuna aliyegeuza shingo. Na betri zenyewe hazikuwa geni kwao: wavuvi wengi wa mukene, yaani dagaa, wameshaacha karabai, wanavua kwa taa za betri. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na ungekwenda pole?"

Jumapili iliyofuata akashika usukani yeye, mimi nikakaa na daftari nikiandika volti kila dakika kumi. Mwendo wa boti ukiupunguza kwa nusu, nguvu inayotakiwa haishuki kwa nusu. Kwa hesabu ya mafundi hushuka hadi karibu moja ya nane. Upepo na mzigo huiharibu hesabu hiyo, lakini saa mbili zilipita na bado mota ilikuwa inanguruma kama paka. Mzee aliponyang'anya daftari na kulisoma mwenyewe, nikajua nimepata mwenzangu wa kwanza.

Daftari hilo ndilo lililokusanya kikundi. Kila Jumapili mchana boti ilikuwa wazi kwa yeyote kuiendesha, mradi aandike: umbali, mzigo, upepo, volti za kuanzia na za kumalizia. Masese ina watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kinachotuweka meza moja, kwa hiyo tuliandika kwa Kiswahili. Vijana wanaotengeneza bodaboda walikuja kwa ajili ya nyaya. Akina mama wa mukene walikuja kwa ajili ya hesabu, na wao ndio waliotufundisha kuweka akiba: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kutoka humo tulinunua paneli za jua, tukaziezeka juu ya kibanda cha kuchajia.

Jambo moja nililishikilia hata waliponinunia. Aliyekuwa anatega nyavu mbali, usiku kucha, nilimwambia abaki na petroli yake. Mwanachama mmoja aliyekwama ziwani gizani angetuvunjia kikundi kuliko wapinzani kumi. Tuliwatafuta wenye safari fupi, hasa wanaopeleka watalii kwenye chanzo cha Nile. Hao hawakuhitaji mahubiri. Mwongozaji mmoja alirudi akicheka: kwa mara ya kwanza ameeleza habari za mto bila kupiga kelele, na mnandi walibaki juu ya mti wao mabawa wazi, wakijianika.

Magugu maji bado yanatusumbua. Yakijisokota kwenye propela, mota inakata yenyewe, na inabidi mtu ainame na kisu. Ndiyo maana hakuna boti yetu inayotoka bila kasia.

Mzee sasa ana betri ya lithiamu, ghali lakini haimsumbui kwa uzito, na injini ya petroli ameifunika turubai nyuma ya nyumba. Hajaiuza. Jumapili iliyopita, kabla hatujaondoka, alinirushia ile kamba.

"Shika, fundi. Leo mimi ndiye nafungulia hadi mwisho."