Siku moja maishani mwangu: kupaka shaba chini ya mashua, Bukavu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanarudi wakiimba. Mimi natazama juu. Ni Julai, kiangazi, lakini mvua ikiigusa epoksi, ile gundi inayoshika unga wa shaba, kabla haijakauka, kazi yote imeharibika. Mbingu ni safi. Namwamsha mdogo wangu.

Saa kumi na mbili tuko mtaa wa Muhumba, kando ya ziwa. Mashua yetu ya tanga imelala juu ya magogo ya mikaratusi. Kreni hatuna, kuipandisha kulihitaji kamba na vijana wenye mabega. Ndiyo maana sikutaka rangi ya kuzuia mwani ya kurudia kila mwaka au miwili. Epoksi yenye shaba, ikipakwa vizuri, inaweza kukaa miaka 10. Kivu ni ziwa la maji matamu, halina vile vigamba vya baharini vinavyong'ang'ania meli, lakini mwani na ute wa kijani vinatosha kuifanya mashua iwe nzito kama gogo lililolowa.

Tunamalizia msasa kwa maji, barakoa usoni, turubai chini. Vumbi la rangi ya zamani ni sumu, na hatua chache tu kutoka hapa akina mama wanachota maji na kufua. Hata kijiko kimoja hakiteremki ziwani.

Saa mbili na nusu, faiba, yaani ubavu wenyewe wa mashua, imekauka. Tunafunika vipande vya zinki vinavyolinda chuma kisilike, pamoja na propela, kwa utepe, hizo hazipakwi. Mkuku, uti wa chini wa mashua, ni wa chuma, kwa hiyo tulishautia epoksi tupu, isiyo na shaba. Hili msilipuuze. Mwaka 1761 Waingereza waliivalisha meli yao ya kivita Alarm mabamba ya shaba, na baadaye wakakuta misumari ya chuma iliyogusana na shaba imelika. Ndani ya maji, shaba na chuma vikikutana, chuma ndicho kinachoumia.

Saa tatu. Nachanganya epoksi na kigumishi chake, kisha namimina unga wa shaba, kilo 2 kwa kila lita. Ni mzito kuliko unavyoonekana, na unazama. Ukiacha kukoroga dakika moja tu, shaba yote iko chini ya ndoo na juu unapaka gundi. Kwa hiyo mdogo wangu hashiki rola leo. Kazi yake ni mti wa kukorogea. Tunachanganya kidogo kidogo, maana kikishaanza kuganda hakirudi.

Mkono wa kwanza wa rangi unatia huruma: mabaka, faiba inaonekana. Usijaribu kuuficha kwa kupaka nene, utachuruzika. Paka mwembamba, songa mbele. Ninapofika tezi, nyuma ya mashua, kule omo, mbele, kidole kinanata bila kutoka na rangi. Hapo ndipo mkono wa pili unaingia. Ukiacha ukauke kabisa, tabaka hazishikani vizuri.

Saa tano anapita mzee anayeunda mitumbwi ya sambaza.

"Mwanangu, rangi gani hii unairudia-rudia?"

"Ni shaba, Papa."

"Ya Katanga?"

Nikamwambia imetoka Ulaya ndani ya kopo. Akaushika ubavu wa mashua bila kusema. Nchi yetu imo kati ya zinazochimba shaba nyingi zaidi duniani. Natamani siku moja unga huu usagwe Lubumbashi na uje Bukavu bila kuvuka bahari.

Fufu na sambaza tunakula kwa zamu, tumesimama. Alasiri upepo wa ziwa unakausha haraka, tunaufuata mkono wa tatu, wa nne, wa tano mbio mbio.

Saa kumi na moja jioni. Tunabandua utepe kabla epoksi haijakaza. Rola tunaziosha kwenye pipa, mbali na ufuko. Sehemu zilizokalia magogo tutazipaka tukishaisogeza. Kisha ikae siku kadhaa, na kabla ya kuiteremsha tuisugue kwa msasa laini wenye maji mpaka shaba ing'ae, kwa sababu ikibaki imefunikwa na epoksi haifanyi kazi. Vijana wa kamba nimeshawaambia wajiandae. Safari ya kwanza ni kisiwa cha Idjwi.