Gundi ilipita vipimo vyote, ikabanduka mkononi

Kiraka chenyewe kilikuwa kidogo tu, ukubwa wa daftari hivi, kwenye flapu ya ndege, ule ubao unaoshuka nyuma ya bawa, ngozi ya aluminiamu juu ya masega kama ya nyuki, na hakikushikwa na riveti hata moja, zile pini za chuma za kubana bati, gundi tupu. Mimi nilikuwa na kama mwaka mmoja tu karakana ya miundo, zamu ya usiku, na ndege inasubiriwa asubuhi.

Kila kitu nilifanya kwa utaratibu, au ndivyo nilivyoamini. Gundi yetu inakuja kama karatasi laini, inalala kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiitoa unaiacha ipoteze baridi ikiwa ndani ya mfuko wake, ukiufungua mapema unyevu wa hewani unatua juu ya gundi na hapo umeshaharibu. Nikaitandika, nikafunga mfuko wa vakyumu, blanketi la joto juu, nyuzi 121 saa nzima, grafu ya themokapo, nyaya za kupimia joto, ikatoka safi kabisa.

Asubuhi nikapima. Kwanza kwa kinyundo, unagonga ukisikiliza, palipoachia panatoa sauti butu kama gunia. Changu kote kinalia ting ting. Nikapitisha altrasaundi, hakuna hata doa. Nikamwita mzee wetu mkaguzi aje aweke sahihi.

Mzee hata mashine hakuiangalia. "Shahidi wako yuko wapi mwanangu?"

Shahidi ni vibapa viwili vya aluminiamu tunavyoviandaa na kuvigundisha sambamba na kiraka, gundi hiyohiyo, joto hilohilo. Akapigilia kabari pembeni, vikatanuka kidogo, akaweka alama pale ufa ulipoishia halafu akavitia kwenye boksi lenye joto na mvuke. Saa moja. Nilikuwa nimechoka na nilikasirika kidogo, nikiona ananichelewesha.

Vilipotoka ufa ulikuwa umekimbia karibu mpaka mwisho. Akavitenganisha kwa vidole, jamani kwa vidole! Upande mmoja gundi yote, upande wa pili chuma kinang'aa kama hakijawahi kuguswa. Akaniambia gundi iliyoshika ukiilazimisha inapasuka yenyewe katikati, inaacha nusu huku nusu kule, hii haikupasuka hii imebanduka. Tukaenda kwenye kiraka, akaingiza kipande cha plastiki ukingoni, kikanyanyuka chote.

Mwili uliniisha nguvu. Kile kiraka nilikuwa tayari kukisaini kiruke na watu.

Mzee akakaa chini akanielewesha taratibu, na haya ndiyo sijayaacha mpaka leo. Altrasaundi inaona hewa. Gundi ikiachia kukawa na nafasi, sauti inagonga pale inarudi, unaona doa. Lakini chuma na gundi vikigusana barabara bila kushikana, sauti inapita tu kama kawaida. Tunaiita gundi ya busu. Hakuna mashine pale karakanani ambayo ingenionyesha nguvu ya ule mshiko, kwa hiyo ukaguzi wa gundi unaanza kabla ya gundi kuwekwa, kwenye uso wa chuma.

Akanikumbusha ile Boeing 737 ya Aloha, 28 Aprili 1988, paa lilichomoka angani kule Hawaii, mhudumu mmoja akafariki. Ndege ilikuwa imeruka mara 89,680. Kwenye maungio ya ngozi gundi iliachia, kutu ikaingia, mzigo wote ukahamia kwenye riveti, na nyufa zikaanzia kwenye matundu ya riveti zikaungana. Watu wanakumbuka paa, alisema, mimi nakumbuka gundi.

Kisha akafungua fomu. Kuna mstari wa kipimo cha maji: baada ya kusugua na kusafisha unamwagia maji safi, yakitanda kama shuka moja bila kukatika kwa sekunde 30 uso ni safi, yakijikusanya matone kuna mafuta. Mstari ule nilikuwa nimeusaini mimi. Maji yenyewe alimwaga mwenzangu, mimi nipo frizani, akaniambia yako poa, nikaweka sahihi bila kuyaona kwa macho. Nikamwambia mzee ukweli wote. Hakufoka, alinyamaza muda mrefu, na kile kimya kiliniuma kuliko matusi.

Ndege ikachelewa siku nzima. Tukatoa gundi yote, vitambaa vya kufutia vyote tukavitupa tukafungua boksi jipya, nikasugua upya, na safari hii maji nilimwaga mwenyewe mzee akiwa begani kwangu anahesabu kwa sauti. Yalitanda. Tukagundisha, na shahidi mpya akaingia kwenye boksi la mvuke nikiwa nimesimama pale pale saa nzima, sikukaa. Alipotolewa ufa ulikuwa haujasogea kutoka kwenye alama ya kalamu, na tulipomtenganisha kwa nguvu kweli kweli gundi ilibaki pande zote mbili.